Dume la Kashinje na Ng'ombe Mwenye Dirisha

Kijiwe chetu kipo kwenye kona ya maghala ya mahindi, hapa Sumbawanga mjini, pale Fuso zinapojipanga kusubiri mzigo na bodaboda zinapojipanga kusubiri watu wa Fuso. Benchi ni ubao wa ubavu wa lori lililopinduka zamani. Bado umeandikwa HATARI kwa rangi nyekundu, na kila mgeni anayetaka kukaa tunamwambia asiogope, hatari yenyewe ni kwa masikio tu. Asubuhi za mwezi wa sita huku juu baridi haina adabu, inakuingia hadi kwenye meno, ndiyo maana birika la Da Rosina, muuza kahawa, lina wafuasi wengi. Siku ninayoisema tulikuwa wanne. Basil, dereva wa Fuso, tunamwita Turbo kwa sababu anaongea kama anapanda mlima. Nestory, fundi viatu, tunamwita Padri kwa sababu alikaa seminari miezi minane na hajaacha kutusimulia. Valerian anapima magunia ghalani, huyo ni Mizani. Na mimi Pasipoti. Nilianza utingo, nikawa dereva, nimefika Lubumbashi, Lusaka, Kigali na Mombasa, na katika miji hiyo yote nilichokiona vizuri ni geti la kushushia mizigo. Sasa nauza spea za baiskeli na kunywa kahawa. Kusema kweli, hiyo ya kahawa ndiyo kazi ninayoiweza.

Basi tukiwa tunabishana kama kahawa ya pili inahesabika asubuhi moja au mbili, akatokea mzee Kashinje. Huyu ni mfugaji, Msukuma aliyehamia Ilemba, kule bondeni, mwaka wa tisa huu. Akija mjini hupita kwetu lazima. Siku hiyo alikuja na koti lake refu la mnadani na fimbo, uso umekunjamana kama karatasi ya kashata.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka, mzee Kashinje, tukaitikia wote kwa nguvu, maana Kisukuma chetu chote kinaishia hapo.

Akakaa mwisho wa benchi. Kofia akaivika goti.

— Basil, Fuso lako Jumamosi lina kazi?

— Likiwa nayo naifuta, mzee wangu. Mzigo gani?

— Vyombo. Vitanda, mabati, kuku, na mama watoto. Ng'ombe watatembea na vijana.

— Kwenda wapi?

— Mbele ya Mpanda huko. Nahama.

Turbo alikuwa ameshafungua mdomo kutaja njia, akaufunga. Sote tunaijua nyumba ya Kashinje pale Ilemba. Matofali ya kuchoma, bati jipya, mipapai minne mlangoni aliyoipanda mkewe. Mimi nililala pale siku pikipiki iliponitupa mteremkoni. Mama yule alinipa maziwa hadi nikaanza kujiona ndama.

— Unahama nini mzee, umegombana na mtu? Mizani akauliza.

— Sijagombana. Ndama wanne, Valerian. Mwaka huu peke yake. Wanazaliwa wadogo kama mbuzi. Hawasimami, hawanyonyi. Wa mwisho kafa juzi Jumanne, mweupe, mzuri, ungemwona ungelia. Daktari wa mifugo kaja, kapima, kasema ugonjwa hauoni. Sasa ardhi ikikukataa utabishana nayo?

Jambo la namna hiyo ukilileta kwenye kijiwe chetu umelikabidhi kwa wataalamu. Mizani ndiye aliyeanza, kama kawaida yake ya kupima kabla ya kuulizwa.

— Pale Ilemba mnara wa simu umejengwa lini?

— Mwaka juzi.

— Ndama wameanza kufa lini?

— Mwaka jana.

— Basi! Mnahangaika nini? Mitandao inapita kwenye tumbo la ng'ombe. Ndama anazaliwa chaji imeisha.

— Chaji! Padri akacheka, sindano ya viatu mkononi. Valerian, wewe ndiye uliyezaliwa chaji imeisha. Wale ng'ombe kwao Shinyanga. Wana hamu ya kwao. Mimi nilipokuwa seminari nilikonda hivihivi, na chakula nilikuwa nakula.

— Ulikonda kwa Kilatini, akasema Da Rosina bila kugeuka.

— Tulieni, niwaambie kitu cha kitaalamu, Turbo akaingia. Tatizo ni mteremko. Hewa ya huku juu nyepesi, ya bondeni nzito. Usiku ya juu inashuka, ya chini inapanda, zinagongana wapi? Ilemba! Fuso langu lenyewe likifika pale linakohoa. Sasa ndama ana mapafu ya Fuso?

Nilikuwa nimeamua kunyamaza siku hiyo. Niliamua kweli. Lakini mtu aliyezunguka nchi nne hawezi kuacha watu waangamie kwa kukosa maarifa.

— Kule Lubumbashi, nikasema, ng'ombe alikunywa maji yenye shaba, akazaa ndama mdogo kama paka. Halafu anang'aa.

— Ulimwona?

— Nilisimuliwa na aliyemwona.

— Nani?

— Mtu wa forodha.

— Haya, Padri akasema. Uongo huo umegongwa muhuri, tuupokee.

Kashinje hakucheka. Alikuwa anageuzageuza kikombe kama anatafuta maandishi chini yake. Mizani akasogea, akashusha sauti. Nilijua anakokwenda. Mtu yeyote wa Sumbawanga ukifika Dar es Salaam na kutaja kwenu, anayekusikiliza husogeza kiti nyuma kidogo, na swali lake la kwanza ni la radi ya uchawi. Sisi tumeshachoka kujitetea. Ila wenyewe kwa wenyewe, kwenye benchi, ule ugonjwa tunao.

— Na mkono wa mtu je, mzee?

Kashinje akaacha kukigeuza kikombe.

— Kuna jirani, akasema. Mwaka jana alisimama kwenye uzio wangu akaniambia, "Kashinje, ng'ombe wako wanapendeza." Nimeikumbuka hiyo kauli.

— Jirani gani?

— Teodori.

Padri akaiweka sindano chini.

— Teodori wa mama Bertilla? Mzee, Teodori kila akivuna mahindi anakufungulia shamba ng'ombe wako wale mabua!

— Ananifungulia. Na wewe mtu akikupa kitu kila mwaka hujiulizi anataka nini?

— Anataka samadi!

— Na anaipata, akasema Kashinje taratibu. Ndiyo maana sitaki kumwambia neno. Nitahama Jumamosi alfajiri bila kumuaga. Hivyo hatutavunjiana heshima.

Hapo hata Turbo, ambaye kazi ilikuwa imemwangukia mapajani, akaangalia pembeni. Miaka tisa mabua na samadi vinavuka uzio uleule, watoto wanaitana kaka na dada, halafu mtu anaondoka alfajiri bila kwaheri. Ingekuwa ni ugomvi wa kurushiana maneno tungejua la kufanya, maana maneno ndiyo biashara yetu.

Ndipo bodaboda ikasimama mbele ya benchi. Akashuka binti mwenye koti la jinzi na begi mgongoni. Kwenye begi kumefungwa jozi ya gambuti zenye matope makavu. Akamlipa dereva, akatuona, akapiga goti pale pale kwenye vumbi.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

Kashinje aliinuka nusu, akakaa.

— Marahaba. Hellena? Wewe si uko Morogoro?

— Nilikuwa Morogoro, baba. Nimefika na basi sasa hivi. Mama alinipigia.

— Mama yako simu hiyo... akasema Kashinje, akaacha hapo.

Huyu ndiye yule binti tuliyekuwa tunasimuliwa. Mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma sayansi ya wanyama. Siku Kashinje alipotuletea habari hiyo mara ya kwanza, kijiwe kilicheka hadi birika likayumba. Mtoto kazaliwa katikati ya ng'ombe mia, anasafirishwa siku nzima na usiku kwenda kufundishwa ng'ombe! Na mzee mwenyewe alicheka nasi, ila mimi nilimwona alivyokuwa akicheka. Alicheka kwa mdomo tu.

Da Rosina alimmiminia binti kahawa ya tangawizi, akamfukuza Mizani ili apate pa kukaa. Turbo hakuweza kujizuia.

— Mwanangu, karibu. Sasa tuambie sisi ambao hatukusoma. Miaka mitatu wanakufundisha nini kuhusu ng'ombe? Kichwa kiko mbele, mkia nyuma. Mwaka wa pili mnasoma miguu?

— Mwaka wa pili tulisoma tumbo, akasema Hellena.

— Tumbo mwaka mzima?

— Mwaka hautoshi, baba mdogo. Pale chuoni kuna ng'ombe mmoja ana tundu ubavuni. Kubwa hivi. Akaonyesha kwa mikono miwili, ukubwa wa sahani ya chai. Lina kifuniko cha mpira. Unafungua kifuniko, unavaa glavu hadi begani, unaingiza mkono hadi tumboni.

Mizani akajishika ubavu.

— Tumboni mwa ng'ombe mzima? Padri akauliza.

— Mzima.

— Kasimama?

— Kasimama anatafuna. Anakuangalia tu kidogo, kama mtu anayekushangaa umeingia chumbani kwake bila hodi, halafu anaendelea.

— Mama yangu weee, akasema Da Rosina. Haumii?

— Alipasuliwa na madaktari kwa ganzi, akapona kabisa. Ana miaka kumi sasa, kanenepa kuliko sisi wanafunzi. Siku ya kwanza mimi niliingiza mkono nikautoa. Nilishtuka. Kule ndani kuna joto, mama, joto kama chungu cha pombe ya ulezi inapochemka yenyewe bila moto. Na kunatembea. Lile tumbo linajisukuma, linaushika mkono wako, linauachia, linaushika. Nilitokwa machozi, wenzangu wakadhani ni harufu.

Hapo nikagundua kahawa yangu imepoa mkononi. Mimi nimebeba ng'ombe kwenye malori toka ujanani. Nimewapakia, nimewashusha, nimewala. Haikuwahi kunipitia akilini kujiuliza mle ndani kuna nini, zaidi ya utumbo wa supu.

— Na mnatafuta nini mle? Mizani akauliza, sauti yake imeshuka kama ya mtu aliye kanisani.

— Wanaoishi mle.

— Nani anaishi mle?

— Vijidudu, havionekani kwa macho. Ukichota kijiko kimoja tu cha maji ya tumbo hilo, vilivyomo ni vingi kuliko watu wote wa dunia. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuyameng'enya majani, hana uwezo huo. Anavilisha vile vijidudu majani, vinafanya kazi, vinazaliana, halafu yeye anaishi kwa kazi yao, na mwisho anavila na vyenyewe. Kwa hiyo mzee akitoka asubuhi na ng'ombe mia, anachunga dunia mia moja. Kila moja imejaa, inapumua, haijui kama kuna nyingine.

Padri alijifanyia ishara ya msalaba. Hakuifanya kwa mzaha. Turbo akageuka akautazama mkono wa kulia wa yule binti, ule uliokuwa umeshika kikombe, akautazama kama watu wanavyotazama mkono uliomshika askofu.

— Kudadeki, akanong'ona. Na sisi tunachoma nyama tu.

Wa kwanza kurudi duniani alikuwa Kashinje. Akakohoa.

— Mkono huo, Hellena, ungeuingiza nyumbani bure. Ng'ombe wapo.

Tukacheka wote, na yeye safari hii akacheka kidogo. Lakini akaliongeza la pili, na hilo halikuwa la kuchekesha.

— Na hao vijidudu wamekuambia kwa nini ndama wangu wanakufa?

Hellena aliweka kikombe chini. Alikuwa na jibu. Niliona, maana mimi nimekaa na watu wengi mipakani na namjua mtu mwenye kitu mfukoni. Lakini binti wa Kisukuma hasimami mbele ya wazee wanne na muuza kahawa akamwambia baba yake, wewe ndiye. Akafungua begi, akatoa daftari.

— Baba, nina kazi ya mwaka wa mwisho. Mwalimu wangu anataka tuandike uzao wa ng'ombe wa nyumbani. Nisaidie hapa hapa, wazee wawe mashahidi. Yule ndama mweupe aliyekufa Jumanne, ni wa nani?

— Wa Kisamvu.

— Kisamvu wa nani?

— Wa Jumapili, akasema Kashinje, na mgongo wake ukanyooka. Jumapili wa Chelewa, Chelewa yule aliyevunjika pembe tukivuka mto tunakuja huku. Chelewa wa Mahari. Mahari alizaliwa zizini kwetu siku mahari ya shangazi yako ilipofika, ng'ombe kumi na tisa, yeye akawa wa ishirini. Mahari wa Mapande, ng'ombe wa babu yangu Ng'wandu, alikuwa na baka kifuani kama jani. Mapande wa Nzala, aliyezaa mwaka wa njaa, akakamuliwa watoto saba wasife. Mmoja wa hao saba ni baba yangu mimi.

Alisema bila kusita, macho kayafumba nusu. Halafu Hellena akamtajia ng'ombe mwingine, naye akashuka naye vivyo hivyo, mama kwa mama, rangi, pembe, mwaka wa mvua, nani alimchunga. Akamtajia wa tatu. Dereva wa bodaboda alikuwa hajaondoka. Wapagazi wawili wa ghalani waliweka magunia chini wakasimama. Mizani, ambaye ana daftari la magunia na bado kila jioni anahesabu upya, alibaki mdomo wazi.

— Mzee, akasema, hayo yote umeyaandika wapi?

— Niandike nini? Unaandika jina la mama yako?

— Baba, akasema Hellena polepole, mwalimu wetu aliniambia kumbukumbu kama hizi mashamba makubwa yanaziweka kwenye kompyuta, na bado zinakosewa. Nilipomwambia baba yangu anazo kichwani, hakuniamini. Alisema nikazilete kwa maandishi.

Kashinje akaivua kofia kwenye goti, akaivaa kichwani. Hiyo ilikuwa furaha, ila hakutaka tuione.

— Sasa naomba turudi juu, Hellena akasema, kalamu tayari. Tumeandika mama wote. Naomba baba zao. Yule ndama mweupe, baba yake?

— Jenereta, akasema Kashinje. Na sisi wote tukatikisa kichwa, maana Jenereta tunamjua. Ndilo dume la Kashinje. Jeusi, nundu kama mlima wa Mbizi, akinguruma usiku unadhani kuna mashine ya kusaga. Watu wa Ilemba hupita njia ya mbali ili tu wamwone.

— Kisamvu, baba yake?

— Jenereta.

— Jumapili?

— Jenereta. Huyo alikuwa binti yake wa kwanza kabisa.

— Chelewa?

— Aa, huyo dume la marehemu babu yako, kule kule.

Hellena aliandika. Akarudi kwa ng'ombe wa pili, ambaye ndama wake pia amekufa. Jenereta. Mama yake? Jenereta. Wa tatu. Jenereta, Jenereta. Mwanzoni Turbo alikuwa anaitikia kila jina kama mpira umeingia golini, "Jenereta huyoo!" Kufikia la sita sauti ikapungua. Kufikia la saba hakuitikia.

— Na madume wengine, baba?

— Nawahasi wakiwa wadogo, wanavuta jembe. Dume la pili la nini, wapigane?

— Swali la mwisho. Ng'ombe yule uliyepewa na mzee Shija wa kijiji cha Kate mwaka juzi. Ndama wake yukoje?

— Yule? Kashinje akafurahi. Yule anakimbia kama pikipiki. Anavunja uzio.

— Baba yake?

— Si huyohuyo Jenereta!

Akasema kwa ushindi, na ushindi ukabaki hewani bila mtu wa kuupokea. Padri ndiye aliyeanza kutikisika. Alikuwa anavitazama vidole vyake, anahesabu kitu.

— Mzee Kashinje, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Sisi kanisani, watu wakitaka kuoana, majina yao yanasomwa Jumapili tatu. Mwenye kujua kuna undugu asimame aseme.

— Najua. Hata sisi hatumwoi mtu bila kuuliza ukoo. Hellena huyu akija kuolewa nitauliza mpaka mababu wa saba.

— Ndiyo. Sasa Jenereta... Jenereta hakutangazwa.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa siku nyingine tungecheka hadi Da Rosina atufukuze. Kashinje alikuwa ameganda, fimbo katikati ya magoti. Nilimwona anashuka tena ile ngazi, mama kwa mama, ila safari hii anaangalia na upande wa pili wa kila jina. Mzee aliyejua baka la kifuani la ng'ombe wa babu yake, na kwenye zizi lake mwenyewe hakuwahi kuuliza baba. Kwa nini aulize? Jibu lilikuwa limesimama pale kila asubuhi, jeusi, zuri, linanguruma.

— Binti yake, akasema kwa sauti ya ndani. Halafu mjukuu wake.

— Huyo wa Kate si ndugu yake, baba, Hellena akasema. Ndama ana nguvu. Ardhi ni ileile. Mabua ni yaleyale ya baba Teodori.

Mabua yale yalimpiga. Akafunga macho.

Turbo, kwa kutaka kuokoa hali, akajaribu.

— Lakini mkihama pia mzee, hewa ya Mpanda...

Hellena akamgeukia baba yake, bado daftari mapajani, akauliza kwa adabu yote, kama mtoto anayeuliza akakoke moto au la:

— Baba, tukihama Jumamosi, Jenereta anabaki?

Mimi nimeulizwa maswali na maofisa wa mipaka minne, mengine kwa Kifaransa, na sijawahi kukosa la kusema. Mizani ana nadharia ya kila kitu. Padri ana ya mbinguni. Turbo huwa anajibu hata maswali aliyoulizwa mtu mwingine. Safari hii tuligeuka sote tukamtazama Kashinje. Da Rosina aliinamisha birika kwenye kikombe cha Kashinje. Lilitoa matone mawili, likaisha.

Kashinje akafungua macho.

— Basil.

— Mzee wangu.

— Jumamosi njoo na Fuso. Vitanda viache. Mabati yaache. Utabeba mmoja tu, umpeleke Kate kwa Shija. Tutabadilishana dume kwa dume. Umwendeshe taratibu kwenye kona, hajazoea gari.

— Nitamwendesha kama bwana harusi, akasema Turbo.

— Ndiyo. Kule Kate hana binti hata mmoja.

Akaipapasa fimbo yake. Miaka hii yote alikuwa akilala akimsikia Jenereta na kujua nyumba ni salama. Hellena akataka kufunga daftari, mzee akauweka mkono wake mkavu juu ya ukurasa.

— Bado, mayu, mama yangu. Usifunge. Huyo mwalimu wako hamjui. Andika ana nundu inayoegemea kushoto. Andika hajawahi kumpiga mtoto pembe. Andika siku tulipovuka mto, maji yakiwa kifuani, yeye alikuwa bado ndama, na alitangulia.

Hellena aliandika. Wapagazi wakaendelea kusimama na magunia yao chini, na hakuna aliyewaambia warudi kazini. Kashinje alipomaliza alisimama, akajikung'uta koti, akaangalia upande wa mteremko wa kwenda bondeni.

— Twende, akamwambia binti yake. Tukiwahi tutamkuta Teodori bado yuko shambani. Nataka nimsaidie kukata mabua.